Jeti Mbili za Kobe

Machi 2, Jumatatu

Shangazi kanipa daftari leo asubuhi, kava limelowa chai. Akasema, "Shika. Wewe una maneno kuliko redio mbovu. Yamwage humu, mimi nikitoka kazini masikio yangu yapumzike."

Sawa, namwaga.

Kwanza Kobe. Kobe ni gari la Shangazi, yaani la kazi, ila ofisi yenyewe imeshasahau kama ni lao. Ni gari la milimani, magurudumu yote manne yanavuta, limenizidi umri miaka kumi na mitano. Rangi yake ukiuliza watu watatu unapata majibu manne. Shangazi ni nesi. Kila Jumatatu anampakia Kobe sanduku la barafu lenye chanjo, wanapanda mikunjo kumi na saba ya barabara ya udongo mpaka zahanati ya juu. Kiangazi hata pikipiki inafika. Masika hafiki mtu ila Kobe.

Na masika hii hapa inakuja. Ofisi wameleta barua: msimu huu zahanati ya juu ikikosa zamu tatu, inafungwa, na Shangazi anahamishwa. Ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe. Kila ukitaka kunywa maji, inakutazama.

Mimi? Nimemaliza shule, sijaitwa popote. Feni zote za mtaa huu nimezifungua. Nyingi nimezifunga tena.

Machi 6

Mvua imeanza saa tisa mchana. Bati limepiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Nimefurahi kama mjinga.

Machi 9, Jumatatu

Kobe kashindwa. Kona ya tano tu! Anavuta vizuri, ghafla anakohoa, anatetemeka kama aliyemwagiwa maji baridi, anazima. Anawaka. Anazima tena. Mara ya sita hakuwaka kabisa.

Nilimwambia Shangazi tumsukume tugeuze. Akaniangalia, akaangalia barabara, upana wake mkeka mmoja na tope juu yake. "Tugeuze wapi, mama? Hewani?"

Basi akashuka naye kinyumenyume. Injini imezima, breki ngumu kama jiwe, kioo cha pembeni hakipo tangu mwaka juzi. Kichwa nje ya dirisha, mvua inampiga usoni, mkono mmoja usukani, mguu umesimama juu ya breki. Kona tano. Mimi nimelikumbatia sanduku la barafu nimefumba macho, nafumbua, nafumba. Tukafika tambarare. Pale akajifuta uso na kanga, akasema, "Moja."

Kila siku namwona mtu huyu anachambua mchele. Sikujua kama naishi na mtu wa namna hii.

Machi 10

NIMEFUNGUA KABURETA.

Peke yangu! Shangazi yuko kazini. Kabureta ndiyo jiko la injini, petroli na hewa vinachanganywa mle kabla ya kuliwa. Nilichora kila kitu kabla sijakigusa, kila skrubu nikaichomeka kwenye kipande cha boksi, kwenye mchoro palepale ilipotoka. Ndani kuna boya dogo, ndugu kabisa wa boya la tangi la choo: petroli ikijaa linapanda, linafunga mlango. Kuna bakuli. Chini ya bakuli uchafu mwekundu, kutu, kama tope la kahawa. Na pembeni mwa bakuli kuna boliti, ukiifungua tu inatoka na jeti.

Jeti ni kitu kizuri jamani. Kipande cha shaba, hakifiki hata kidole changu kidogo, kina tundu katikati ambalo unywele unaweza kupita ukiomba radhi. Petroli yote ya Kobe inapita hapo. Gari zima, sanduku, Shangazi, mlima, vyote vinategemea tundu lile.

Lilikuwa limeziba. Nikapuliza, wapi. Nikalowesha, wapi. Nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikachomeka, nikazungusha, nikazungusha, mpaka mwanga ukapita wote mweupe. Nimerudisha kila kitu. Skrubu haikubaki hata moja!

Kobe kawaka mara ya kwanza. Nimepiga kelele, kuku wa jirani wamekimbia.

Machi 11

Shangazi amemzungusha Kobe mtaa mzima. Karudi anacheka. "Ana nguvu kuliko alivyokuwa mpya." Akanimegea nusu ya chakula chake sahanini. Yule kinyozi aliye njia ya kwenda mlimani, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima, kaniita kutoka mlangoni kwake: "Binti wa feni! Eti umehamia magari? Nikuletee na ndege?"

Leta.

Machi 16, Jumatatu

Tumefika juu, tumerudi. Moshi kidogo.

Machi 19

Kobe ananuka petroli. Anakunywa pia, dumu lililokuwa linatosha wiki limekwisha leo Alhamisi. Nimefungua plagi moja, zile zinazotoa cheche ndani ya injini, nyeusi tii, ina masizi kama sufuria ya kuni. Nikaifuta, nikairudisha, nikafunga boneti. Sijamwambia mtu.

Machi 23, Jumatatu

Kona ya kumi na moja. Moshi mweusi, mweusi, kisha kimya.

Tulikaa pale saa tatu nzima. Nilifuta plagi, akawaka, akapanda hatua ishirini, akazima. Nikafuta tena. Mara ya nne hata mimi nilichoka na mikono yangu. Shangazi alijitwika sanduku akaanza kupanda kwa miguu. Nilimwona anateleza, anasimama, anateleza, kwa goti sasa, sanduku hajaliachia. Kisha akakaa chini kwenye tope akafungua kifuniko, akaangalia barafu. Ilikuwa maji. Akafunga.

Njiani kurudi nikasema, "Petroli ina maji, Shangazi. Lazima ina maji. Yule wa kituoni ametuuzia maji."

Maneno yangu haya nimeyaandika neno kwa neno ili niyaangalie vizuri.

"Mbili," akasema Shangazi.

Machi 25

Shangazi kampeleka Kobe kwa Fundi Sikio, ukuta mmoja na kinyozi Redio, pale mlima unapoanzia. Fundi Sikio ni kiziwi. Ndiyo maana wakamwita Sikio, watu hawana huruma. Miaka ishirini alikuwa na mashine za kusaga mawe, zikamla masikio yote mawili. Ukimwita haitiki, unamrushia kokoto mgongoni. Shangazi anasema ndiye jirani pekee aliyedumu na Redio.

Nilimwambia Shangazi, "Kiziwi na injini? Si sawa na kipofu kuuza vitambaa?"

Akasema, "Washa gari, twende."

Huyo fundi hana habari na mtu. Kifua wazi, suruali imefungwa kamba, anatafuna kijiti. Kobe akiwa anaunguruma, akaweka kiganja kwenye bodi juu ya gurudumu la mbele, akatazama juu kama mtu anayekumbuka jina. Kisha kiganja kwenye boneti. Kisha akaenda nyuma, akaweka mkono penye moshi, akaunusa. Akazima. Akafungua plagi zote nne akazipanga kwenye ubao.

"Nyeusi, nyeusi, nyeusi, nyeusi," akasema, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Huyu hana njaa. Huyu anavimbiwa!"

Akafungua boliti ya bakuli, akatoa jeti, akainyanyua kwenye mwanga wa mlango. Akaiangalia muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimeshika bisibisi yangu, ile yenye utepe mwekundu, nimeishika kama bendera.

"Petroli ina maji?" Shangazi akamuuliza, anatamka taratibu ili aone midomo.

Fundi Sikio akatafuna kijiti chake. Akasema, "Niachieni gari siku mbili."

Hakusema. Ameona na hakusema! Nilitaka aseme, angalau nimchukie.

Machi 26

Nimekula nusu sahani, Shangazi kaniuliza kama naumwa. Ndipo nikasema. Sindano, kuzungusha, plagi ya Alhamisi, maji ya kituoni, yote, mbio mbio, bila kupumua.

Alikuwa na daftari lake la watoto mezani. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alifungua ukurasa, akaweka kidole.

"Huyu mama ametembea saa nne Jumatatu. Ana mapacha. Mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Alinisubiri mpaka jioni, akarudi saa nne zingine. Nimeletewa habari leo. Wewe unajua jina lake?"

Nikatikisa kichwa.

"Mimi nalijua. Na ya watoto nayajua. Zahanati ikifungwa, atatembea siku nzima mpaka huku chini, au hatatembea kabisa. Sindano si kosa, mtoto hujifunza kwa kuvunja. Alhamisi uliona plagi ukafunga boneti. Hilo ndilo."

Nikaanza kulia, akanisogezea kanga yake, bado anatazama daftari.

"Kesho utakwenda kwa Sikio ukamwambie mwenyewe. Na umtazame usoni, maana anasoma midomo."

Machi 27

Hujawahi kukiri kosa kwa mtu anayesoma midomo. Huwezi kunong'ona. Huwezi kuangalia chini.

"Fundi, mimi ndiye niliye…"

"Inua kidevu!"

"Mimi ndiye niliyechokonoa jeti."

"Umechoka na nini?"

"NIMECHOKONOA JETI! KWA SINDANO!"

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kunyolea ikanyamaza. Redio akachungulia, na mteja wake nyuma yake. "Sindano ya nini, binti wa feni?"

"Ya magunia," nikasema, maana nilishavuliwa nguo zote, kofia ya nini.

Fundi Sikio alicheka mpaka kijiti kikamtoka. Kisha akafungua kopo la maziwa lililojaa vyuma, akatoa jeti, kuukuu, ya mashine ya maji. Tundu lake pana kama pua. "Hii niliitoboa mimi, kwa msumari. Nilikuwa mkubwa kuliko wewe, na nina mke. Ilikuwa mashine ya baba mkwe."

"Akasemaje?"

"Sikusikia," akasema. "Ila wakati ule masikio yalikuwa mazima."

Nilicheka nikiwa bado na machozi. Kisha akaacha kucheka yeye. "Tundu dogo unaweza kulipanua. Pana hulirudishi. Jeti ya gari hili haiuzwi popote hapa. Sasa kaa, uone kazi."

Machi 28

Siku nzima kibandani kwa Sikio. Nataka kuandika kila kitu na vidole vinauma!

Aliweka jeti juu ya moto mpaka ikabadilika rangi, akadondosha lehemu, tone moja, tundu likaziba kabisa. Nikadhani ameiua. Kisha akachukua sindano nyembamba ya cherehani, akaigonga ncha kwa nyundo ndogo mpaka ikawa bapa, akainoa kwenye jiwe. Hiyo ndiyo kekee yake ya kutobolea. Hakuna umeme, hakuna mashine. Vidole viwili. Anazungusha mara kumi, anapuliza, anaangalia kwenye mwanga. Anazungusha kumi.

"Haraka ya nini?" akasema, hata hajanitazama. Nilikuwa natikisa mguu, ameusikia kwenye ubao wa kukalia.

Saa sita akaniachia nizungushe mimi. Mara kumi, pumua, tazama. Mwanga wa kwanza ulipotoka, mdogo kama nyota, nilishika mdomo. Akasema wacha, hapo hapo, tundu liwe dogo kuliko tunavyotaka. Kesho.

Machi 29

Jeti ndani. Kobe kawaka. Fundi akachukua glasi, akatia maji nusu, akaiweka juu ya injini. Maji yanatetemeka, yana mikunjo, kama uso wa mtu anayetaka kupiga chafya. Akashika skrubu ya mchanganyiko, robo kushoto. Mikunjo ikazidi. Nusu kulia. Ikapungua. Unywele mmoja tena kulia, na maji yakalala. Yalilala! Duara dogo tu katikati, linapumua.

Mimi nina masikio mawili mazima na sijawahi kuisikia injini hivyo.

Machi 30, Jumatatu

Tulikwenda watatu. Kila kona ya tatu Fundi anapiga bodi kofi, Shangazi anazima palepale bila kupunguza mafuta, mimi natoa plagi ya moto kwa kitambaa, tunaisoma. Nyeusi, anakula sana. Nyeupe, ana njaa. Tunataka rangi ya biskuti. Chini ilikuwa nyeupe, Kobe hana nguvu, anapata moto, kwenye tope la kona ya pili nilishuka kusukuma. Lakini juu! Kuanzia kona ya tisa, biskuti. Fundi anasema juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli ile ile inakuwa nyingi. Jeti ndogo inafaa juu, chini inafa njaa.

Tumefika saa nane badala ya saa nne asubuhi, lakini tumefika. Mama wa mapacha alikuwepo. Nilimbeba wa kifuani. Mzito.

Aprili 1

Fundi kaipanua jeti kidogo. Chini biskuti, safi. Tumejaribu mpaka kona ya kumi na mbili: nyeusi, anakohoa. Kaziba tena na lehemu, kaanza upya. Ametukana kwa lugha ambayo nadhani ni ya mashine.

Aprili 3

Nyembamba mno. Fundi anasema ile saizi ya kiwandani, iliyofaa kote, mkono hauipati. Mvua haijakata tangu jana.

Aprili 4

Nilikuwa naosha vyombo. Barua ya ofisi mbele yangu kwenye kabati. Nikaacha bomba wazi, nikakimbia bila viatu mpaka kwa Sikio, nikamrushia kokoto, kubwa kidogo kuliko ilivyotakiwa.

"Mbili!" nikamwambia. "Fundi! Jeti iko pembeni! Boliti moja! Hatuhitaji moja inayofaa kote, tunahitaji mbili! Ya chini mpaka kona ya tisa, pale kwenye jiwe kubwa, tunasimama, tunabadilisha, ya juu mpaka mwisho!"

"Taratibu, midomo yako inapigana."

Nikarudia. Akakaa kwenye tairi. Akatazama kopo la vyuma, akatazama mlima, akanitazama.

"Miaka thelathini na injini," akasema, "sijaona gari linabadilishwa viatu njiani."

Akaingiza mkono kwenye kopo akatoa ile jeti yake ya aibu, ya baba mkwe. Inaingia kwenye nyuzi zilezile. Tumeitia lehemu, na nimeitoboa mimi, yote, mwanzo mpaka mwisho. Mara kumi, pumua, tazama.

Aprili 6, Jumatatu

Saa nne asubuhi kamili tulikuwa juu. Kobe hakukohoa hata kwa adabu! Kwenye jiwe nilibadilisha mwenyewe, kwa dakika tano. Ningeweza kubusu boneti. Nilibusu. Ilikuwa ya moto.

Aprili 8

Shangazi anasema nimfundishe kubadilisha. Nikamwambia mimi nitakuwepo kila Jumatatu. Akasema, "Siku moja hutakuwepo. Nifundishe."

Tumekaa naye barazani, kabureta mbovu ya Fundi ya kujifunzia kwenye beseni. Jana yake mikono hiyo ilikuwa inamzalisha mtu. Mara ya kwanza alitumia dakika tisa. Mara ya tatu, nne. Kisha akajifunga kanga machoni akaanza upya, gizani. "Mshipa wa mtoto mchanga nautafuta kwa kidole, mama. Hii boliti ni nini?"

Aprili 13, Jumatatu

Tumefika. Rahisi mpaka nikachoshwa.

Aprili 16

Barua. Mkaguzi wa ofisi anakuja Jumatatu, anapanda na Kobe mwenyewe. Wameshahesabu mbili. Asipofika juu, ni tatu, kufuli. Na anakuja na maboksi ya vifaa, kwa hiyo viti vya mbele ni vya Shangazi na mkaguzi, nyuma mzigo mpaka kwenye paa. Mimi sina nafasi.

Nilizunguka nyumba mara nane. Shangazi anapiga pasi sare yake. "Nilikwambia siku itakuja," akasema.

Aprili 19

Mvua kubwa kuliko zote. Tumefunika Kobe turubai. Nimekagua jeti zote mbili, nimezifunga kwenye pamba kila moja na kichupa chake cha dawa. Shangazi kaandika juu kwa mwandiko wa nesi: Chini. Juu.

Aprili 20, Jumatatu

Mkaguzi ni mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na viatu vya kung'aa. Alimtazama Kobe kama mtu aliyealikwa chakula akaonyeshwa mbuzi mzima. "Hii ndiyo gari?"

"Panda, ndugu," Shangazi akamwambia, "mlango unafungwa kwa kuvuta juu kisha ndani."

Saa mbili asubuhi wakaondoka. Mvua ilikuwa imekatika ghafla, bonde zima kimya, matone tu. Nilisimama mbele ya kibanda cha Fundi Sikio. Unaweza kumsikia Kobe mlima mzima kutoka pale, sauti inagonga ukuta wa upande wa pili inarudi. Redio alizima mashine yake. Mteja katoka naye, nusu kichwa kimenyolewa, shuka bado shingoni.

Fundi akanigusa bega. "Vipi?"

Nikaanza kumwambia, kona ya pili, anavuta vizuri, lakini nilikuwa natazama mlima na midomo yangu yeye haioni. Akanigeuza uso. Nikamwambia. Nikageuka kusikiliza. Akanigeuza tena. Tukawa kama watu wanaocheza.

Ndipo akanyoosha mkono wake, akaulaza juu ya boneti ya gari bovu lililokuwepo pale, kiganja juu. Nikaelewa. Nikaweka vidole vyangu kwenye mkono wake, nikagonga. Dum dum dum dum, gia ya pili, kona ya tatu. Nikanyanyua vidole, anabadilisha. Nikashusha, dum, dum, dum, dum, nzito, gia ya kwanza, tope la kona ya nne. Fundi kafumba macho. Anatikisa kichwa kidogo kidogo. "Ehe," anasema. "Ehe. Asimkabe. Ehe."

Kona ya tano. Ya sita. Kwenye ya saba magurudumu yalizunguka bure, nikagonga haraka haraka bila nguvu, akafumbua macho akanishika. Kisha zikashika. Nikagonga nzito. Akafumba.

Ya tisa. Jiwe. Sauti ikakata. Nikalaza kiganja changu chote kwenye mkono wake, bapa, kimya.

"Jiwe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Dakika nne. Nilihesabu kwa pumzi. Dakika sita, sawa, mkono wa Shangazi una baridi. Dakika tisa. Kiganja changu kilikuwa kinatoka jasho kwenye mkono wa mtu. Dakika kumi na mbili.

Redio akasema, taratibu kabisa, si kwa dhihaka, "Kwisha."

"Nyamaza," Fundi akamwambia. "Nimekuona."

Dakika kumi na tano. Nilifikiria kichupa, pamba, nyuzi, mchanga kwenye nyuzi. Nilifikiria nikimbie nipande. Kona tisa! Mguu wangu ulikuwa unatikisika, na yeye anausikia kupitia boneti, na hakuniambia kitu. Akaweka tu mkono wake mwingine juu ya wangu, mzito, una mafuta.

Dakika kumi na nane. Sauti.

Sikuwa na hakika. Nikainua kidole kimoja nikagonga mara moja, kama mtu anayeuliza hodi. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Nikagonga, nikagonga, dum dum dum dum, na Redio anapiga kelele, na yule nusu kichwa anapiga makofi, na mimi nalia puani nagonga tu, sikosi hata moja. Kumi. Kumi na moja, pale nilipomwua Kobe kwa sindano, akapita. Kumi na nne. Sauti inakuwa ndogo, nagonga kwa ncha ya kidole. Kumi na sita. Sasa ni kama mapigo ya mtoto. Fundi kainamisha kichwa, karibu kabisa na mkono wake.

Kumi na saba. Akavuka mgongo wa mlima, na sikusikia tena chochote. Nikaondoa kidole.

Fundi Sikio aliacha mkono wake pale pale. Muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Leo nimesikia."

Aprili 21

Shangazi alirudi jana jioni, tope mpaka kwenye viwiko, sare ile ya pasi! Nimemuuliza jambo moja tu: dakika kumi na nane?

Alivua viatu kwanza. Jeti ya juu ilimponyoka. Ilitoka kwenye pamba ikaruka ikaingia kwenye tope chini ya Kobe, na yeye alikuwa ameziba tundu la boliti kwa kidole petroli isimwagike, hawezi kuliachia. Akamwambia mkaguzi, "Ndugu, kuna kitu cha shaba hapo chini, ukubwa wa punje ya mahindi. Bila hicho hatufiki, na pale juu kuna watoto arobaini."

Yule bwana akatazama viatu vyake. Kisha akakunja suti, akapiga magoti, akaingia chini ya gari. Alichekecha tope lile kwa vidole vyake, kiganja baada ya kiganja, mpaka akaipata. Akaisafisha kwa tai.

"Na zahanati?"

Shangazi akafungua kabati, akatoa kikombe, akaing'oa ile barua na gundi yake, akaiweka chini ya kikombe kisichafue meza.

"Mtu aliyeitafuta jeti yako kwa magoti," akasema, "atakufungia mlango kwa uso gani? Tia chai."